Diploma mkononi, mvi kichwani: njia ya kuingia chuo kikuu Eldoret

Mji wa Eldoret una historia yake na wanafunzi wazee. Januari 2004 Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa miaka 84, aliandikishwa darasa la kwanza katika Skuli ya Msingi ya Kapkenduiywo, mwaka mmoja baada ya serikali kufuta karo ya skuli za msingi. Dunia ilimsikia, na mwaka 2005 akaalikwa Umoja wa Mataifa, New York.

Lakini wako wengine wasiopigwa picha. Mwalimu wa miaka 38, muuguzi wa miaka 42, fundi umeme wa miaka 45, kila mmoja na diploma yake, wote wanataka digrii. Mzee Maruge alianzia mwanzo kwa sababu hakuwahi kukalia dawati. Hawa wameshasoma na kufaulu, na suali lao ni moja: yale tuliyosoma yatahesabiwa, au tunaanza upya?

Kwa sisi watu wa Pwani, wenye jamaa zetu waliopelekwa huko kikazi na watoto wetu wanaosoma huko, suali hilo si la mbali. Majibu yake ni yale yale Mombasa na Kilifi.

Vyuo vilipanda, watu wakabaki

Eldoret ina vyuo vikuu viwili vya serikali. Chuo Kikuu cha Moi kilianza mwaka 1984 na makao yake makuu yako Kesses, nje ya mji. Wanafunzi wake wa kwanza, 83 kwa idadi, walihamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Yaani chuo chenyewe kilifunguliwa na wanafunzi wa kuhamia.

Cha pili ni Chuo Kikuu cha Eldoret, pale Chepkoilel. Mahali hapo palianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka 1984 pakageuzwa chuo cha walimu wa diploma, mwaka 1990 pakawa bewa la Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2013 pakapewa hati ya chuo kikuu kamili.

Msomaji wa Mombasa ataitambua hadithi hiyo. MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojengwa Tudor, iligeuka kuwa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo cha kilimo cha Kilifi nacho kikawa Chuo Kikuu cha Pwani.

Majengo yalipandishwa daraja. Waliosoma ndani yake hawakupandishwa. Aliyechukua diploma Mombasa Polytechnic miaka ya tisini, leo akirudi kwenye lango lile lile, anapokewa kama mwombaji mwengine yeyote.

Sheria inasema nini

Mwaka 2014 Kenya ilipitisha Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu na kuunda mamlaka ya kuusimamia, KNQA. Katika mfumo huo diploma iko ngazi ya 6 na digrii ngazi ya 7. Shabaha ni mtu aweze kupanda ngazi kwa ngazi, na masomo aliyofaulu chini yatambuliwe juu.

Hayo kwa maandishi ni mazuri. Kwa vitendo, uamuzi uko mikononi mwa kila chuo, na ndani ya chuo uko mikononi mwa idara. California, kule Marekani, ilipanga jambo hili tangu mwaka 1960, kwamba kijana au mtu mzima aanze chuo cha jamii cha miaka miwili kisha ahamie chuo kikuu kuendelea pale alipofika. Kwetu ngazi tunazo, lakini mara nyingi mwenye diploma ndiye anayejitafutia pa kukanyaga.

Malango matatu

La kwanza ni kuingia. Kima cha kawaida cha digrii ni alama ya C+ katika KCSE. Waliosoma kabla ya 8-4-4 wana KACE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 1989, na huulizwa alama kuu mbili. Asiyekuwa na hayo huingia kwa diploma yake, lakini masharti hutofautiana: diploma iwe ya daraja gani, imetolewa na nani, inahusiana vipi na kozi anayoiomba. Anayeingia kwa njia hii mara nyingi hupeleka maombi moja kwa moja kwa msajili wa chuo, si kusubiri kupangiwa nafasi kama mtoto aliyetoka sekondari juzi.

La pili ni kuhesabiwa masomo. Chuo hulinganisha somo kwa somo: ulifundishwa nini, kwa saa ngapi, ukapata alama gani. Cheti peke yake hakitoshi. Inatakiwa hati ya alama na pia silabasi ya kila somo. Waliofanya mtihani wa diploma wa KNEC mara nyingi wana karatasi ya matokeo tu, basi ni lazima warudi chuo walichosoma wakaombe silabasi ya miaka ile. Kazi hiyo ifanywe mapema, maana chuo kilichobadilika jina huenda kimehamisha na majalada yake. Mwisho wake unaweza kusamehewa masomo kadhaa, ukaingizwa mwaka wa pili, au ukaambiwa anza mwaka wa kwanza.

La tatu ni kazi, na hili ndilo linaloumiza zaidi kwa kuwa huonekana baada ya karo kwisha kulipwa. Kuingia chuo na kusajiliwa kazini ni mambo mawili. Tume ya Walimu, TSC, kwa kawaida inamtaka mwalimu wa sekondari awe na C+ katika KCSE na C+ katika masomo mawili anayofundisha, hata kama digrii anayo. Wanasheria waliopanda kutoka diploma nao wamezuiwa Kenya School of Law kwa sababu ya alama za sekondari, na kesi zao zimefika mahakamani. Kabla hujachagua kozi, nenda kwanza kwa bodi inayosajili watu wa kazi hiyo.

Pesa na wakati

Digrii ya kawaida ni miaka minne. Kwa mtu wa miaka 42 mwenye watoto skuli, kusamehewa mwaka mmoja ni karo ya mwaka mmoja iliyobaki nyumbani, na mwaka mmoja zaidi wa kuitumia digrii kabla ya kustaafu. Tena miaka minne huenda isiwe minne: mwaka 2024 mgomo wa wafanyakazi ulisimamisha masomo Chuo Kikuu cha Moi tangu Septemba, kwa muda wa miezi. Kijana husubiri kwao. Aliyechukua likizo bila mshahara hana pa kusubiria.

HELB ina mkopo wa waajiriwa wanaorudi masomoni, lakini mikopo yake hutozwa riba, na Muislamu anayejihadhari na riba itambidi aangalie sako au chama cha akiba kisichotoza riba, au kulipa muhula kwa muhula.

La kufanya kabla ya kulipa

Andikia idara barua, uambatanishe hati ya alama na silabasi, uulize masomo gani yatahesabiwa na utaingia mwaka gani. Usitosheke na jawabu la mdomo la karani dirishani. Taka jawabu lenye sahihi na muhuri. Ukiambiwa hakuna kinachohesabiwa, uliza sababu kwa kila somo, kisha upeleke karatasi zile zile chuo cha pili. Kuuliza si ujinga, na kanuni za vyuo hazifanani.

Na vyuo vyetu viwili vya Pwani vina deni hapa. Vinazijua diploma hizi kuliko mtu yeyote, kwa sababu vilitoka humo humo. Visimngoje mtu mzima aje kubembeleza kila muhula. Vibandike orodha hadharani: diploma hii, masomo haya, unaingia mwaka huu. Mtu akiiona, ataweza kupiga hesabu ya karo na umri wake kabla ya kutoa shilingi.