Picha za mapendo katika nyumba za wafalme wa Uhindi

Wako watu ambao, wakiona picha ya mwanamume na mwanamke wanaopendana, wanasema mara moja: «Ni mambo ya mwili tu.» Wengine, wakisikia kwamba picha ile ni ya dini, wanasema: «Basi, mwili haumo hata kidogo.» Tukichunguza historia ya picha ndogo za Uhindi, tutaona kwamba wote wawili wamehukumu upesi.

Picha zile zilichorwa juu ya karatasi, ukubwa wake karibu kama ukurasa wa kitabu. Wachoraji walibandika karatasi kadhaa pamoja, wakazisugua kwa jiwe laini, kisha wakapaka rangi kwa brashi ya manyoya ya kindi. Mfalme na rafiki zake walizishika mkononi na kuzitazama moja moja.

Mapendo hayo yalikuwa na kanuni. Katika mwaka 1591 mshairi Keshavdas, aliyekaa katika nyumba ya mfalme wa Orchha, alitunga kitabu Rasikapriya. Humo alipanga namna za wapendanao: mwanamke anayengoja, mwenye hasira, na yule anayetoka usiku katika mvua, kati ya nyoka, kumfuata mpenzi wake. Wachoraji walifuata kanuni hizo. Mara nyingi mpenzi ni Krishna, mungu wa Wahindu, mwenye ngozi ya buluu, na mwanamke ni Radha. Kwa Wahindu wengi, hamu ya Radha ni mfano wa roho inayomtamani Mungu.

Tutwae mfano wa Kishangarh, ufalme mdogo wa Rajasthan. Savant Singh, aliyezaliwa mwaka 1699 katika jamaa ya kifalme, alitunga mashairi ya kumsifu Krishna kwa jina la Nagaridas. Alimpenda mwimbaji wa nyumba ile, aliyeitwa Bani Thani, ni kusema «aliyepambwa». Mchoraji wake Nihal Chand alichora Radha na Krishna wakiketi katika mtumbwi mwekundu juu ya ziwa, na majumba meupe ng'ambo. Macho marefu ya Radha yamepindika kuelekea juu. Mapokeo yasema ndiye Bani Thani.

Je, mfalme alimvika mpenzi wake vazi la dini ili kuficha tamaa? Tutazame maisha yake. Mwaka 1748 ndugu yake alimnyang'anya kiti. Akapigana, akapata tena sehemu ya nchi. Lakini mwaka 1757 aliacha utawala, akaenda Vrindavan, mji wa ibada ya Krishna, pamoja na Bani Thani. Akafa huko mwaka 1764. Pengine uchovu wa vita ulimsukuma. Lakini mahali alipopachagua pa kumalizia siku zake ni pale pale alipopaimba.

Hatusemi kwamba imani ile ni sawa na yetu. Lakini sisi tunaosoma Wimbo Ulio Bora, ambao Origene na Mtakatifu Bernardo waliueleza kama mazungumzo ya roho na Bwana wake, tunajua kwamba maneno ya arusi yanaweza kubeba sala bila kuacha kuwa maneno ya arusi. Basi, kabla ya kuhukumu picha au nyimbo za watu wowote, tuulize kwanza: nani alizitengeneza, kwa ajili ya nani, na aliishije nazo?