Ligi Kuu 2013/14: Msimu Azam FC ilipozitenga Simba na Yanga

Ligi Kuu ya Vodacom Tanzania Bara ya msimu wa 2013/14 ilianza Agosti 2013 ikishirikisha timu 14, kila moja ikicheza mechi 26. Azam FC ya Chamazi, Dar es Salaam, ilitwaa ubingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake, na bila kupoteza hata mchezo mmoja.

Tangu Mtibwa Sugar ya Turiani ilipokuwa bingwa mwaka 2000, kombe hilo lilikuwa likizunguka kati ya mitaa miwili tu ya Kariakoo, Msimbazi na Jangwani. Azam, iliyoanza kama timu ya wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa na kupanda daraja mwaka 2008, ilikuwa imeshika nafasi ya pili misimu miwili mfululizo. Wapo waliokwishaamini kwamba fedha na uwanja wa kisasa havitoshi kuvunja utawala wa wakongwe.

Ishara ilionekana mapema. Septemba 2013 Azam iliwafunga mabingwa watetezi, Yanga, mabao 3-2, la ushindi likifungwa na kijana Joseph Kimwaga dakika za majeruhi. Mwezi uliofuata Simba nayo ikalala 2-1, mabao yote mawili ya Azam yakiwekwa wavuni na Kipre Tchetche wa Ivory Coast. Licha ya mwenendo huo, uongozi uliachana na kocha Mwingereza Stewart Hall mwishoni mwa mzunguko wa kwanza na kumleta Joseph Omog wa Cameroon, aliyekuwa ameipa AC Léopards ya Congo Brazzaville Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2012. Kubadili kocha wa timu isiyofungwa ni kamari. Safari hii ililipa.

Wakongwe walikuwa na yao. Oktoba 20, 2013, Yanga ilikwenda mapumziko Uwanja wa Taifa ikiongoza Simba 3-0, lakini mchezo ukamalizika 3-3, matokeo ambayo mashabiki wa Jangwani hawapendi kukumbushwa. Kabla ya mwaka kwisha klabu zote mbili zilikuwa zimewatimua makocha wao. Nje ya uwanja, Yanga ilipinga mkataba wa haki za televisheni uliopewa Azam TV, ndugu wa klabu ambayo ilikuwa ikiwania nayo ubingwa. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa.

Ladha kubwa ya msimu, hata hivyo, ilitoka Nyanda za Juu Kusini. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji iliyokuwa imepanda daraja tu chini ya kocha Juma Mwambusi, iliwajaza watu Uwanja wa Sokoine na kumaliza ya tatu, juu ya Simba. Ni hapo hapo Sokoine, Aprili 13, 2014, ambapo Azam ilimaliza kazi: Gaudence Mwaikimba na John Bocco walifunga katika ushindi wa 2-1, mchezo mmoja ukiwa umesalia.

Azam ilifikisha pointi 62, kwa kushinda mechi 18 na kutoka sare nane, dhidi ya 56 za Yanga. Simba, ya nne, ilikosa tiketi ya michuano ya Afrika, ingawa mfungaji bora alikuwa wake: Mrundi Amissi Tambwe, mabao 19. Miezi minane baadaye Msimbazi ilimwacha, Yanga ikamchukua, naye akaibuka tena mfungaji bora msimu wa 2015/16.

Ashanti United, Rhino Rangers ya Tabora na JKT Oljoro ya Arusha zilishuka daraja.

Katika Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, Azam iliilaza El Merreikh ya Sudan 2-0 Chamazi, kisha ikafungwa 3-0 Omdurman na kuaga. Hadi mwisho wa msimu wa 2024/25, haikuwa imetwaa ubingwa wa pili wa ligi.