Vipimo vya Kimolekuli na Kuonekana kwa Virusi vya Upumuaji kwa Watu Wazima, 1956–2015

Kwa muda mrefu maambukizi ya kirusi cha RSV yalihesabiwa kuwa ugonjwa wa watoto. Kirusi hicho kilitambuliwa mwaka 1956 kwa sokwe wa maabara nchini Marekani, kisha Robert Chanock na wenzake wakakipata kwa watoto wachanga. Dhana hiyo ilitokana, kwa sehemu kubwa, na mbinu ya uchunguzi yenyewe. Maabara zilitegemea kuotesha virusi ndani ya seli hai. Mtoto anayeambukizwa kwa mara ya kwanza hutoa virusi vingi. Mtu mzima, ambaye mwili wake umekwisha kukutana navyo, hutoa vichache na kwa siku chache. Aidha, RSV hufa upesi sampuli inapocheleweshwa. Matokeo hasi ya maabara, kwa hiyo, hayakuwa ushahidi kwamba mgonjwa hakuwa nacho, ingawa ndivyo yalivyosomwa.

Mbinu ya PCR, iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, haikuhitaji kirusi kilicho hai. Ilihitaji kipande tu cha vinasaba vyake, ambacho hurudufiwa mara mamilioni; na kwa kuwa virusi vingi vya upumuaji hubeba RNA, hiyo hugeuzwa kwanza kuwa DNA. Kimeng'enya cha awali kiliharibiwa na joto, kikalazimu kuongezwa kila mzunguko, kazi ya kuchosha isiyofaa hospitalini. Kile cha bakteria Thermus aquaticus, aliyepatikana katika chemchemi za moto za Yellowstone, kiliondoa kero hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980.

Mwaka 2005 Ann Falsey na wenzake walichapisha matokeo ya majira manne ya baridi huko Rochester, New York, wakitumia PCR pamoja na vipimo vya kingamwili. Kila mwaka RSV iliambukiza asilimia 3 hadi 7 ya wazee wenye afya njema, na asilimia 4 hadi 10 ya watu wazima wenye maradhi ya moyo au mapafu. Mwaka huohuo watafiti wa Hong Kong walieleza kirusi kipya cha korona, HKU1, kutoka kwa mzee wa miaka 71 mwenye nimonia. Jitihada za kukiotesha zilishindikana. Bila vinasaba kisingejulikana.

Hata hivyo, kupata kirusi si sawa na kupata chanzo cha ugonjwa, na hapa baadhi ya maandishi yameisifu PCR kupita kiasi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha hospitali za Chicago na Nashville, ulipima pia watu wasio na dalili ili kulinganisha. Miongoni mwa watu wazima 2,259 waliolazwa kwa nimonia, virusi vilionekana kwa asilimia 23 na bakteria kwa asilimia 11, huku kirusi cha rhino kikiongoza. Asilimia 62 hawakukutwa na kimelea chochote.