Pumu isiyo kali: Kwa nini pampu ya bluu peke yake haitoshi

Mtu mzima anayebanwa kifua zaidi ya mara mbili kwa wiki, lakini si kila siku, mara nyingi huambiwa pumu yake si kali. Hutembea na pampu ya bluu mfukoni, hupuliza akibanwa, na maisha yanaendelea. Shida ni kwamba hata pumu ya aina hii inaweza kuleta shambulio kali, na hata kuua.

Ndiyo maana mwaka 2019 GINA, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya pumu, liliacha kupendekeza watu wazima watibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Hizi hapa njia tatu na tofauti zake.

1. Salbutamol peke yake

Hii ndiyo pampu ya bluu. Hulegeza misuli inayobana njia za hewa. Nafuu huja ndani ya dakika chache na hudumu kama saa 4 hadi 6.

Lakini haitibu uvimbe ulio ndani ya njia hizo. Mgonjwa anajisikia poa huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini. Anayetumia pampu 3 au zaidi za dozi 200 kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali.

2. Steroidi ya kuvuta kila siku

Mfano ni beclometasone na budesonide. Hizi hupunguza uvimbe wenyewe, ila hazileti nafuu ya papo hapo, hivyo salbutamol hubaki ya dharura.

Wengi huogopa neno "steroidi", lakini dozi ya kuvuta ni ndogo sana, hupimwa kwa mikrogramu. Changamoto kubwa ni hii: kifua kikitulia, watu huiacha.

3. Mbili kwa moja

Hapa budesonide na formoterol huwa kwenye pampu moja, na hupulizwa dalili zinapoanza. Formoterol hufungua kifua haraka, na kila mvuto huingiza pia steroidi. Anayesahau dawa ya kila siku hakosi kinga kabisa.

Utafiti unasemaje?

Utafiti wa SYGMA 1, uliochapishwa 2018, ulifuatilia wagonjwa 3,849 wenye miaka 12 na kuendelea kwa mwaka mmoja. Kwa kila wagonjwa 100, mashambulizi makali kwa mwaka yalikuwa:

- 20 kwa waliotumia terbutaline, dawa ya kundi moja na salbutamol
- 9 kwa waliopewa budesonide ya kila siku
- 7 kwa waliotumia mbili kwa moja walipobanwa tu

Hata hivyo, dawa ya kila siku ilishinda kwa kutuliza dalili za kawaida: wiki zenye nafuu nzuri zilikuwa asilimia 44, dhidi ya 34 za mbili kwa moja. Kwa hiyo anayekumbuka dawa kila siku hapotezi kitu kwa kuendelea nayo.

Mambo ya kuzingatia

- Si kila mchanganyiko unafaa kupulizwa wakati wa kubanwa. Wenye salmeterol huchelewa kufanya kazi.
- Rangi za pampu hutofautiana kati ya watengenezaji. Soma jina la dawa.
- Baada ya kuvuta steroidi ya kila siku, sukutua mdomo kwa maji na uteme, kuzuia utando mweupe na fangasi.
- Usibadilishe wala kuacha dawa bila kuongea na daktari. Kama una pampu ya bluu tu, endelea kuwa nayo, lakini muulize kuhusu steroidi.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, midomo ikibadilika rangi, au pampu isipomsaidia, awahishwe hospitali mara moja.