Kihisi cha Kuchapishwa cha Chembenano

Kihisi cha kuchapishwa cha chembenano ni kipande cha karatasi au plastiki kilichopigwa chapa kwa wino wenye chembe ndogo mno, ambacho hutoa ishara kinapokutana na kemikali fulani, hata iwe kidogo sana. Chembenano ina upana wa kati ya nanometa 1 na 100. Nanometa ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Wengine husema sensa badala ya kihisi, lakini kwa Mtanzania sensa ni kuhesabiwa watu, hivyo kihisi, kutokana na kitenzi hisi, ndilo jina linalofaa zaidi.

Udogo huzipa chembe hizi tabia mpya. Dhahabu iliyosagika kufikia kiwango hicho na kutawanyika majini huwa nyekundu, jambo ambalo Michael Faraday alilieleza mwaka 1857. Chembe zikivutana na kukusanyika, rangi hugeuka zambarau au buluu. Kemikali inayotafutwa ikifanywa iwe ndiyo inayozikusanya, jicho tupu linatosha kusoma jibu. Vihisi vingine hupima umeme, kama vile vijiti vya kupimia sukari ya damu, ambavyo njia zake za umeme huchapishwa kwa wino wa kaboni. Kuchapisha ndiko kunakoshusha bei: wino ni tone tu, na karatasi moja hutoa vipande vingi.

Karibu na Mlima Meru kemikali ya kutafutwa inajulikana: floraidi. Miamba na majivu ya volkano huiachia majini, na chemchemi moja yaweza kuwa salama huku ya jirani ikipita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania ililazimika kuruhusu kiwango cha juu zaidi kwa sababu ya uhaba wa maji. Watoto wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi huota meno yenye madoa ya kahawia. Ikizidi kwa miaka mingi, mifupa hupinda. Magadi ya kuivishia maharage nayo huongeza floraidi. Floraidi haina rangi wala harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, yaliyobaki huwa na floraidi nyingi zaidi kwa kila lita.

Kipimo cha maabara ni elektrodi yenye kristali ya floraidi ya lanthani, iliyobuniwa mwaka 1966. Ni sahihi, lakini huhitaji mtaalamu na kemikali za kuirekebishia. Ukosefu wa kipimo rahisi unaumiza zaidi penye vichujio. Mkaa wa mifupa, uliofanyiwa kazi kwa muda mrefu katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hunasa floraidi mpaka ushibe. Baada ya hapo maji hutoka meupe vilevile, nayo si salama tena. Kichujio chochote kinachonasa floraidi, kikiwemo cha nano, kinahitaji mwenza wa kukipima. Kichujio cha nano cha Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, kilishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015.

Ugumu wa kutengeneza mwenza huyo, yaani kihisi cha kuchapishwa cha floraidi, umo ndani ya maji yenyewe. Maji ya Meru yana bikaboneti nyingi, ambayo hupunguza ukali wa asidi inayohitajika katika kipimo na hivyo kuvuruga mabadiliko ya rangi. Kwa hiyo kipande hupaswa kuchapishwa kwanza tabaka la asidi kavu, kisha wino wa chembenano juu yake, na kadi ya kulinganishia rangi ipangwe kwa maji ya chemchemi za huko, si kwa maji safi ya maabara.