Wagonjwa wa Paris walioghairi upasuaji

Adenomiosisi ni ugonjwa ambao tishu za utando wa ndani wa kizazi hujipenyeza kwenye msuli wake. Kizazi huvimba, hedhi huwa nzito, na maumivu si ya kawaida. Mwaka 1908 daktari Thomas Cullen wa Baltimore, Marekani, aliuandikia kitabu kizima, akiuita adenomioma. Sasa hebu jiulize, aliuona vipi? Kwa darubini, kwenye vizazi vilivyokwisha kutolewa.

Hapo ndipo palipokuwa na shida, na ilidumu miaka mingi. Ili daktari awe na uhakika, ilibidi kizazi kitoke kwanza. Yaani jibu na tiba vilikuja siku moja, na mwanamke aliyekuwa bado anataka mtoto alibaki na jibu sahihi lisilomsaidia kitu. Miaka ya 1980 ndipo MRI ilipoanza kuonyesha msuli ulionenepa bila mtu kukatwa.

Kilichofuata kilitokea kwa bahati tu. Jijini Paris, Jacques Ravina na wenzake walikuwa wakitibu wanawake wenye faibroidi, uvimbe unaoota kwenye kizazi. Ili damu isimwagike sana wakati wa upasuaji, waliziba kwanza ateri zinazolisha kizazi: mrija mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa pajani, daktari anaufuatilia kwa eksirei mpaka ufike, kisha chembechembe ndogo sana zinaachiwa humo. Baadhi ya wanawake, wakiwa bado wanasubiri zamu yao ya kupasuliwa, wakaona damu imepungua na maumivu yametulia. Upasuaji wa nini tena? Mwaka 1995 Ravina alichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya wanawake 16 waliozibwa mishipa badala ya kupasuliwa moja kwa moja.

Haikupita miaka mingi, njia hiyo ikajaribiwa kwa adenomiosisi, ambayo mara nyingi hukaa kizazi kimoja na faibroidi. Huku kazi ilikuwa ngumu zaidi. Faibroidi ni donge lenye mpaka wake, lakini adenomiosisi imesambaa ndani ya msuli, na kwa baadhi ya wanawake dalili hurudi. Hata hivyo, mwaka 2013 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliikubali. Kuhusu kubeba mimba baada ya hapo, madaktari bado wanabishana, na kwa wengi waliokataa kutolewa kizazi, hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza.