Wawili Chini ya Jina Moja: Historia ya Kumtambua Ciona

Mwaka 1767 Carl Linnaeus wa Sweden alimwita Ascidia intestinalis mnyama laini wa bahari za Ulaya anayejishikiza kwenye miamba, nguzo za gati na mbavu za meli, na ambaye mwili wake mrefu, unaopenyeza mwanga na kufikia takribani sentimita 15, hufanana na kipande cha utumbo, jambo ambalo neno hilo la Kilatini hulieleza wazi. Mwaka 1822 John Fleming alianzisha jenasi ya Ciona, ambamo mnyama huyo yumo hadi leo.

Ciona aliyekomaa ana matundu mawili, la kuingizia maji lenye ncha 8 na la kutolea lenye ncha 6, na kati yake kuna kikapu cha matamvua ambacho hunasa chembe za chakula kwa ute, huku mwili wote ukiwa umevikwa joho lenye selulosi, dutu inayojulikana zaidi katika mimea. Georges Cuvier, aliyechunguza kwa makini maumbile ya ndani ya jamaa hii mwaka 1815, aliwaweka miongoni mwa moluska, yaani kundi la konokono na chaza, na kosa hilo lilieleweka, kwa kuwa mnyama aliyekomaa haonyeshi dalili yoyote ya uti wa mgongo.

Dalili hiyo ilikuwa kwa mtoto. Mwaka 1866 Alexander Kowalevsky wa Urusi alionyesha kwamba yai la Ciona hutoa kiluwiluwi mwenye mkia, na kwamba ndani ya mkia huo mna notokodi, ufito wa seli unaotangulia uti wa mgongo hata katika kiinitete cha binadamu. Kiluwiluwi huyo huogelea kwa muda mfupi, hujibandika kwa kichwa, kisha mkia wake humezwa na mwili. Hakuna ugunduzi mwingine uliobadilisha nasaba ya mnyama huyu kwa kiasi hicho, na Charles Darwin aliutumia mwaka 1871 alipojadili asili ya binadamu.

Hata hivyo, jenomu, yaani jumla ya maelezo ya urithi, ilipochapishwa mwaka 2002 kwa jina la Ciona intestinalis, jina lenyewe lilikuwa bado limebeba spishi mbili. Mwaka 2015 Riccardo Brunetti na wenzake walithibitisha kwamba aina ya Mediterania na Pasifiki ni Ciona robusta, iliyoelezwa Japani mwaka 1967 na Hoshino na Tokioka kisha ikaunganishwa na ile ya Linnaeus, ambayo makao yake ni Atlantiki ya kaskazini. Alama ya kuitambua Ciona robusta ni vinundu vidogo juu ya joho la matundu, ambavyo ni vya kutegemewa kuliko rangi, kwani rangi hufifia katika kileo cha kuhifadhia. Kwa hiyo msomaji wa makala za kabla ya 2015 aangalie kwanza mnyama alivuliwa bahari gani, kwa kuwa hata yule wa jenomu ya 2002 alikuwa Ciona robusta.